Wimbo Usiohitaji Ngoma

Riwaya ya Henry ole Kulet, Blossoms of the Savannah, inafunguka kwa msichana aliyenyimwa muziki. Taiyo, binti mkubwa wa Ole Kaelo, alikuwa amealikwa Mombasa kwenye tamasha la muziki lililoandaliwa na kituo cha redio. Baba yake akakataa, na katika nyumba ile neno la baba halina rufaa. Makubwa yatakuja baadaye: familia itahama Nakuru kurudi Nasila, biashara ya baba itaangukia mikononi mwa tajiri Oloisudori, na wembe utanolewa. Lakini kabla ya hayo yote kuna wimbo ambao haukuimbwa. Kisha, wakiwa Nasila, Taiyo na mdogo wake Resian wanapewa mwalimu kijana, Joseph Parmuat, awafundishe nyimbo na michezo ya kwao kwa idhini ya wazazi walewale. Muziki wa Mombasa ulikuwa aibu, muziki wa Nasila ukawa wajibu. Kulet alikijaza kitabu chake nyimbo, na kwa kuwa ni kitabu, msomaji hasikii hata mmoja.

Kwa sababu hiyo nimeamini siku nyingi kwamba riwaya hii inadai jukwaa, tena jukwaa lenye waimbaji. Mwaka 2022 nilipata kuiona ikichezwa na kuimbwa Kipsing, mbele ya watu ambao nyimbo zile ni zao, na mengi niliyokuwa nikiyafikiri juu ya riwaya na muziki yalipata mahali pa kupimwa.

Kulet alikuwa mzaliwa wa Narok. Alianza kuchapisha mapema: Is It Possible? ilitoka 1971, To Become a Man mwaka uliofuata, na kwa miaka arobaini aliendelea kuuliza swali lilelile kwa sura mbalimbali, yaani Mmaasai anayekwenda shule anaacha nini na anabeba nini. Blossoms of the Savannah ilichapishwa 2008 na mwaka uliofuata ikampatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Vanishing Herds ikampatia tuzo hiyohiyo tena mwaka 2013. Alifariki Februari 2021, wakati ambapo kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa KCSE alikuwa na kitabu chake mkobani. Sijui heshima kubwa zaidi ya hiyo kwa mwandishi wa nchi yetu: kusomwa na watoto wa wachungaji na watoto wa mawakili katika msimu mmoja, na kila mmoja akilazimika kuandika insha juu ya msichana wa Kimaa anayesema hapana.

Vitabu teule vya fasihi vimezaa nchini Kenya aina yake ya tamthilia, na inasikitisha kwamba wahakiki wa Nairobi hawaishughulikii. Kitabu kinapotangazwa kuwa cha lazima, vikundi vya waigizaji hukikata, hukishona upya, na kuanza safari za shule hadi shule. Riwaya ya mamia ya kurasa inakuwa mchezo wa saa mbili. Kila mwanafunzi anatoa kiasi kidogo cha fedha, mwalimu wa fasihi anapata pumzi, na watoto wengi wanaona waigizaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza maishani mwao, pengine kwa mara ya mwisho. The River and the Source ya Margaret Ogola ilipita njia hiyo. Chozi la Heri ya Assumpta Matei vilevile. Na karibu michezo hii yote ina nyimbo, kwa sababu waigizaji wanajua kwamba watoto mia nne walioketi kwenye mabenchi tangu saa mbili asubuhi hawawezi kushikwa na maneno matupu. Nyimbo ndizo zinazohamisha familia kutoka mjini hadi kijijini kwa dakika moja, zinazofunika mwigizaji anapobadili nguo, zinazoeleza mapenzi ambayo mbele ya naibu mwalimu mkuu hayawezi kuelezwa kwa vitendo. Mtu wa London angeiita tamthilia ya muziki bila kusita. Huku kwetu tunaiita kwa jina la kitabu tu, na basi.

Kipsing ni kituo kidogo katika wadi ya Oldonyiro, Isiolo Kaskazini. Kuna maduka kando ya barabara ya vumbi, shule, makanisa, migunga, na laga pana la mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka laga hilo halina maji juu. Kina mama huchimba visima mchangani, wakateka kwa kopo, kopo baada ya kopo, hadi mtungi ujae, punda akingoja. Wakazi wengi ni Wasamburu, na Waturkana wapo. Jina la mahali hapa lilisikika Nairobi zaidi kwa sababu ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, ambao ulilichagua Pengo la Kipsing, upande wa kuelekea mji wa Isiolo, kuwa mahali pa kujenga jiji la kitalii lenye hoteli na kumbi za starehe. Jiji hilo halijajengwa. Nalitaja kwa sababu wanaopanga mambo wakiwa mbali huiona ardhi hii kuwa tupu inayosubiri kuletewa kila kitu, burudani ikiwemo. Mwaka ule wa 2022 kilichokuwa kikisubiriwa ni mvua. Ukame ulikuwa mkali kuliko wowote ambao vijana wa pale waliukumbuka, baba na kaka wengi walikuwa wamehama na mifugo, na shuleni chakula cha mchana kilikuwa sababu tosha ya mtoto kuhudhuria.

Kikundi cha waigizaji kilifika shuleni hapo kwa gari la kukodi, spika mbili zimefungwa juu, maleba ndani ya magunia, kinanda cha umeme kikiwa kimezungushiwa blanketi, na ngoma tatu. Waigizaji walikuwa wanane. Jukwaa lilikuwa upande mmoja wa bwalo la chakula, na ilichukua muda mfupi tu kwa kiongozi wao kuligundua lile dirisha la kugawia githeri. Akalifanya kaunta ya duka la Ole Kaelo. Sufuria mbili kubwa ziliachwa zikionekana nyuma yake, na kwa mchezo mzima mfanyabiashara huyu mwenye tamaa alikuwa akiegemea mahali ambapo watoto hawa huegemea kila siku na sahani mikononi. Alipoanza kuhesabu noti za Oloisudori pale dirishani, bwalo zima lilinyamaza. Mbunifu wa majukwaa mwenye fedha nyingi asingeipata picha ile.

Wanafunzi waliketi chini na kwenye mabenchi. Wazee wachache walipewa viti vya plastiki mbele. Kina mama waliokuja kwa sababu binti zao walikuwa wamesimulia kitabu nyumbani walikaa nyuma karibu na madirisha, ushanga mabegani, watoto mgongoni. Morani kadhaa hawakuingia. Walisimama mlangoni, fimbo mabegani, wakitazama kwa upande. Kiongozi wa kikundi alimtaja marehemu Kulet, akaomba wote wasimame kidogo kwa heshima yake, kisha mchezo ukaanza.

Walichokifanya mwanzoni kilikuwa kizuri na kijasiri. Taiyo aliimba wimbo ambao baba alimkataza kwenda kuuimba. Kitabuni hakuna maneno ya wimbo huo. Waigizaji walikuwa wameutunga wao, mdundo wa chakacha kidogo kwenye kinanda, na dada aliyecheza Taiyo alikuwa na sauti iliyoshiba. Watoto walipiga makofi kufuata mdundo. Katikati ya ubeti Ole Kaelo akatokea dirishani, akanyoosha mkono, na kinanda kikakatika. Kurasa kadhaa za masikitiko ya Taiyo ziliishia katika ule mkono, na sikuona hasara yoyote.

Halafu familia ikahamia Nasila, na ngoma tatu zikaanza kulia.

Nilikuwa nimekaa karibu na mwalimu wa Kiingereza wa shule, na nilimwona akiinamisha kichwa. Zilipigwa vizuri, kwa nguvu na ufundi, mapigo ya pwani yakichanganyika na ya magharibi ya Kenya, na waigizaji waliruka kwa bidii, shuka nyekundu zikipepea. Bwalo likawa la adabu. Watoto walipiga makofi ya wageni waalikwa. Uimbaji wa Wasamburu, na wa Wamaa kwa jumla, hauna ngoma. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na chini ya sauti zote kuna mngurumo unaotoka kooni mwa wanaume, ambao ndio unaoshika mapigo. Wanawake wanayashika kwa mabega, ushanga ukipanda na kushuka. Kila rika na kila shughuli ina nyimbo zake. Msichana haimbi wimbo wa morani, na wimbo wa kubariki hauimbwi na yeyote tu. Kwa hiyo kile kilichokuwa kikionyeshwa kuwa Nasila kilikuwa Afrika ya kwenye kalenda za benki, na hapa Kipsing kila mtoto wa miaka minane alijua.

Siwalaumu waigizaji kwa kutojua. Mchezo huohuo walikuwa wakiupeleka Kakamega na Machakos, na huko ngoma zilifanya kazi yake. Ninalolisisitiza ni kwamba kosa la aina hii ni zito zaidi katika wimbo kuliko katika maneno. Mwigizaji akitamka vibaya jina la mahali, tunasamehe na kusonga. Wimbo ukikosewa, mtazamaji anatolewa nje ya hadithi na kuwekwa mlangoni, na pale mlangoni hana jukumu lolote juu ya yanayomfika Taiyo.

Kilichowaokoa ni uchache wao. Mpiga ngoma alikuwa pia ndiye Olarinkoi, kijana anayejifanya kumsaidia Resian kutoroka ndoa ya Oloisudori, kumbe anampeleka kwa mama yake ili akeketwe na kufanywa mke wake. Resian alipofikishwa kwenye kibanda kile, Olarinkoi alitakiwa jukwaani, kwa hiyo ngoma hazikuwa na mtu. Kinanda nacho kilikuwa chini ya dada aliyekuwa akibadili nguo. Mwigizaji wa Resian, msichana mwembamba mwenye sauti ya juu, alipiga magoti kwenye saruji na kuanza kuimba peke yake. Ulikuwa mstari mfupi wa Kiswahili, wa kumwita dada yake, akaurudia kwa namna ya kuuliza na kusubiri. Nadhani aliachia nafasi ile ili tu avute pumzi.

Wasichana wa kidato cha tatu waliiingia nafasi hiyo. Mara ya kwanza walikuwa watano au sita, mara ya pili safu nzima. Waliitikia kwa Kisamburu, kwa namna wanayoitikia nyumbani, na kina mama wa dirishani wakachukua sauti ya chini yao. Kisha kule mlangoni ukasikika mngurumo. Morani mmoja alikuwa ameanza, bila kubadili hata jinsi alivyosimama, na wenzake wakafuata. Resian alinyanyua uso. Niliona wazi kwamba hakuwa amejiandaa kwa hili. Akatazama pembeni, kiongozi wake akamzungushia mkono kumwambia endelea, naye akaendelea, akiubadilisha mstari kidogo kila mara, akiwapa jina la kuita, nao wakiita.

Kitabuni Resian yuko peke yake pale. Kulet anauandika upweke huo kwa uangalifu: mgonjwa, ameibiwa, hajui ni mchana au usiku, amezungukwa na watu wasiosema lugha ya huruma. Msomaji anayeipenda riwaya ana haki ya kuuliza kama kuitikiwa na watu mia nne hakumnyang'anyi Resian kile kinachofanya sura ile iume. Nimelifikiria swali hili na jibu langu ni kwamba kitabu na wimbo viligawana kazi. Kitabu kinamweka msomaji mmoja ndani ya fikra za msichana mmoja, na hiyo ni kazi ambayo jukwaa halitaiweza kamwe. Lakini kitabu hakiwezi kumfanya msomaji amjibu. Pale bwaloni, wasichana ambao baadhi yao wana dada walioacha shule kwa kuozwa walipewa nafasi ya kumjibu Resian kwa sauti, mbele ya mama zao, mbele ya morani, mbele ya wazee wa viti vya plastiki, na hakuna aliyewanyamazisha. Victor Hugo aliandika umati wa Paris katika Les Misérables mwaka 1862, na tangu wimbo uingie katika hadithi hiyo, kwanza Paris mwaka 1980 na kisha London mwaka 1985, mamilioni wameusikia umati ule ukiimba. Hata hivyo umati wa London umelipwa kuimba. Wa Kipsing ulijileta wenyewe.

Hatari ya kazi hii ni kutia wimbo katika kinywa kisicho chake, na mfano ninaoufikiria zaidi unatoka Afrika Kusini. Alan Paton alichapisha Cry, the Beloved Country mwaka 1948. Mwaka mmoja tu baadaye Kurt Weill na Maxwell Anderson walikuwa wameifanya tamthilia ya muziki mjini New York, Lost in the Stars, na Todd Duncan akicheza mchungaji Stephen Kumalo. Wimbo uliotoa jina la mchezo haukutungwa kwa ajili ya Kumalo. Ulikuwa umeandikwa miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya kazi nyingine ambayo haikukamilika, ukahifadhiwa, na hatimaye ukapewa mchungaji wa Kizulu. Ni wimbo mzuri, unaimbwa hadi leo. Ila unamfanya Kumalo aseme kwamba Mungu ametusahau, na Paton, Mkristo wa imani thabiti aliyemwandika Kumalo kuwa mtu anayeteseka pasipo kuiacha imani yake, aliumia kuusikia. Uzuri wa muziki haukuuponya uongo ule. Pengine uliuzidisha, kwa kuwa watu hutoka ukumbini na wimbo, hawatoki na maelezo ya mwandishi.

Nilimkumbuka Paton tulipofika kwenye tohara ya Taiyo. Anadanganywa kwamba Resian amepatikana, anabebwa, anakeketwa kwa nguvu. Waigizaji walilishughulikia tukio hilo kwa staha. Walitandaza leso mbili, wakamficha Taiyo nyuma yake, na kinanda kikapiga muziki wa huzuni, taratibu, aina ya muziki unaosikika kwenye filamu mtu anapokufa hospitalini. Wanawake wawili jukwaani waliinamisha vichwa na kulia.

Hapo sikukubaliana nao, na sikubaliani nao hadi leo. Siku ya tohara ni siku ya sherehe. Nyimbo zinazoimbwa ni za sifa, za kumpongeza mama kwa kufikisha binti, na zinaimbwa na shangazi na majirani wanaompenda mtoto huyo kwa dhati. Kutisha kwa Nasila kumo ndani ya furaha hiyo. Ukiweka muziki wa msiba, unamwambia mtazamaji kwamba waliofanya walijua wanatenda uovu, na mtazamaji wa Kipsing anajua si hivyo, kwa hiyo anaondoka akisema hawa wanazungumzia watu wengine. Hali halisi ni ya karibu mno kwa mchezo kama huu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa 2011. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 21 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 15, lakini miongoni mwa Wasamburu hesabu ya 2014 ilikuwa asilimia 86. Machi 2021 wazee wa Kisamburu walikutana Kisima na kutamka mbele ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba desturi hiyo ikome. Mle bwaloni walikuwapo wazee walioliunga mkono tamko hilo, na kina mama waliokuwa wakilisubiri lifike nyumbani kwao. Kinanda cha hospitalini hakikuwa na la kuwaambia.

Basi nikawa na hoja yangu tayari: uimbwe wimbo wenyewe, wa furaha, kwa sauti kamili, huku leso zikiwa zimetandazwa. Na nilikuwa na mfano wa kuutetea. Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipotayarisha Ngaahika Ndeenda, wanakijiji waliwasahihisha lugha, wakawasahihisha nyimbo, na ile sehemu ya gĩtiiro, majibizano ya kuimbwa ya shughuli za harusi, ilitolewa neno kwa neno na mama wa kijiji asiyejua kusoma. Serikali iliufuta mchezo baada ya wiki chache na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo. Sidhani ingeogopa hivyo kama nyimbo zingekuwa za kubahatisha. Zilikuwa za kweli, na waliokuja kutazama walizijua.

Mchezo ulipokwisha, dada aliyecheza Mama Milanoi, mama yao Taiyo na Resian, alikwenda kuketi na kina mama chini ya mgunga ulio nje ya bwalo. Alikuwa amecheza pia Nabaru, mganga anayemwokoa Resian kutoka kibandani, kwa kuwa waigizaji hawakutosha, na kina mama walikuwa wameona jambo hilo kuliko sisi tuliosoma fasihi. Mmoja wao alimwambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba ilikuwa sawasawa mama aliyeshindwa kumlinda mtoto wake arudi na nguo nyingine awe yule anayemlinda mtoto wa mwenzake. Dada akacheka, akasema, "Mama, ni kwa sababu tuko wachache." Mama akamjibu, "Hata sisi tuko wachache."

Nikaona ndipo pa kuuliza. Mwalimu alinitafsiria kwa adabu nyingi: je, wangekubali kumfundisha dada huyu wimbo wa siku ile, ili tukio la Taiyo liwe la kweli?

Walishauriana. Hakuna aliyekasirika. Aliyejibu alikuwa mkubwa wao, mwanamke mwenye ushanga uliopauka kwa jua, na hakunitazama mimi, alimtazama dada. Alisema wimbo ule si wa kuonyesha. Ukisikika kutoka mbali, watu hawaulizi unaimbwa kwa nini. Wanajua kuna mtoto anaandaliwa, wanaacha walichokuwa wakifanya na kuja. Wao wamekubaliana kuuacha, na namna ya kuuacha ni kutouimba. Binti zao wadogo hawaujui, na yeye hataki waujue kwa sababu ya mchezo.

Nilijaribu kusema kwamba kinachosahaulika hurudi kwa mlango mwingine, na kwamba jukwaa ni mahali salama pa kukitazama. Mwalimu alitafsiri. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Salama kwako, mwanangu." Sikupata la kuongeza hapo chini ya mgunga, ingawa bado naamini kwamba siku moja mtunzi kutoka hapa hapa, pengine mmoja wa wale wasichana walioitikia, atauweka wimbo huo jukwaani na atakuwa na haki ambayo mimi na kikundi kile hatukuwa nayo.

Walichotoa badala yake ni wimbo mwingine, wa kumpokea mtoto aliyepotea akarudi. Kitabu kinaisha na dada wawili wakikutana tena kwa Minik, mwanamke anayewapa hifadhi, yule wanayemwita Emakererei, na njia ya Chuo Kikuu cha Egerton ikiwa wazi mbele yao. Katika mchezo sehemu hiyo ilikuwa na wimbo wa injili wa redioni. Dada alitoa simu arekodi, akaambiwa airudishe mfukoni na aimbe. Alikosea mahali pa kuingia, akarudishwa. Alikosea tena, safari hii kwa kuharakisha, nao wakamshika mabega wakamwonyesha kwa mwili jinsi ya kusubiri. Kiongozi wa kikundi alikuwa amesimama karibu na gari, saa mkononi, kwa maana walitakiwa Oldonyiro kabla ya giza. Alipoona kinachoendelea alikuja akachuchumaa, akamwita Resian na Taiyo nao waje wajifunze.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu wa Kiingereza aliniambia kwamba Oldonyiro walicheza tukio la tohara bila kinanda wala wimbo wowote, na mwisho wakaimba ule wa kina mama wa Kipsing, na wanafunzi wa huko wakaitikia. Yeye mwenyewe alikuwa akisahihisha insha. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameandika kwamba katika Nasila wanawake walikataa kuimba siku ya Taiyo, ndiyo maana ilibidi wanaume wamshike. Hilo halimo katika riwaya, na mtahini wa KCSE angelikata bila huruma. Mwalimu alilizungushia kalamu nyekundu kama alivyopaswa, kisha chini ya ukurasa akamwandikia msichana huyo kwamba aiendeleze sehemu hiyo iwe mchezo kamili, na nyimbo zake, kwa ajili ya tamasha la drama la mwaka unaofuata.